Dunia Ilichukua Hesabu, Ikaacha Adabu

Maneno ‘level’, ‘HP’, ‘XP’ na ‘NPC’ yaliingia Afrika Mashariki kupitia simu za mkononi. Kijana wa Tandale au wa Kayole anayecheza Free Fire huyasikia kila siku, na ukimuuliza yalikotoka atakujibu kwamba ni maneno ya kompyuta. Sivyo. Yalizaliwa mezani, kwa penseli na karatasi, katika majimbo mawili yenye baridi kali ya kaskazini mwa Marekani, Wisconsin na Minnesota, wakati kompyuta ya nyumbani bado haijaingia madukani.

Walioyatunga ni wapenzi wa michezo ya uhusika, ile ambayo mama yao ni Dungeons & Dragons. Watu hao wana msamiati mkubwa kupita kiasi, na mgeni akiketi nao huhisi ameingia kwenye kikao cha mafundi wa ndege. Hoja yangu ni kwamba msamiati wao una matawi mawili. Tawi moja ni la kuhesabu, kama zile XP, yaani pointi za uzoefu. La pili ni la kusemana: maneno ya kumkanya mwenzako, kumkosoa, kumdhihaki anapoharibu jioni ya wengine. Dunia nzima imebeba lile la kwanza, simu yako imejaa nalo. Lile la pili limebaki mezani, na kwa maoni yangu ndilo lililokuwa na thamani zaidi.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, hebu tusogelee meza. Watu wanne au watano wameketi. Mmoja wao ni mwendeshaji, na kila mmoja wa waliobaki ana karatasi yenye jina la mhusika wake, nguvu zake, silaha zake na mali zake. Mwendeshaji anasema: mlango ni wa mbao, umevimba kwa maji, na nyuma yake mnasikia mtu anakohoa. Mchezaji anajibu: naupiga teke. Rusha, anaambiwa. Dadu yenye pande 20 inabingirika katikati ya vikombe vya chai na kusimama kwenye 4. Anaongeza 3 za nguvu za mhusika wake, inakuwa 7. Haitoshi. Mwendeshaji anasema mlango haujatikisika, ila kile kikohozi kimekoma.

Basi. Hakuna kioo cha kutazama wala mshindi mwisho wa usiku. Mlango haupo, mkohoaji hayupo, vyote vimejengwa kwa maneno, na maneno yakilegea nyumba nzima inaanguka. Ndiyo maana watu hawa walihitaji lugha yao. Mcheza bao anaposema anatakata, au anapoitaja nyumba yake, hahitaji kukuonyesha kwa kidole. Mashimo na kete viko hapo mbele ya macho. Mcheza Dungeons & Dragons hana shimo la kuonyesha.

Mchezo huo ulichapishwa mwaka 1974 na Tactical Studies Rules, kampuni changa ya mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000, vijitabu vitatu ndani ya sanduku moja, kwa bei ya dola 10. Waandishi wake walikuwa wawili: Gary Gygax wa mji huohuo, na Dave Arneson wa upande wa Minneapolis na St. Paul. Wote wawili walitoka kwenye michezo ya vita, ile ya kupanga askari wadogo mezani na kurudia vita vya kale, na ukitaka ushahidi tazama maneno yao. Mfululizo mrefu wa hadithi waliuita ‘campaign’, neno la majenerali. Mwendeshaji kwenye vijitabu vya kwanza aliitwa refa tu. Lile jina la kutisha la Dungeon Master lilikuja baadaye kidogo. Michezo iliyofuata ilijitafutia majina yake: Call of Cthulhu wa 1981 ukamwita Keeper, mtunzaji, na Vampire: The Masquerade wa 1991 ukamwita Storyteller, msimulizi.

Hata ‘hit points’, zile pointi za uhai ambazo leo ni mstari mwekundu juu ya kichwa cha kila shujaa wa simu, zina asili ya vita. Arneson alieleza kwamba alizitoa kwenye kanuni za mapigano ya meli za kivita za chuma, za enzi ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Meli haizami kwa risasi moja. Inatobolewa, inaungua, inapunguzwa kidogo kidogo. Katika michezo ya vita ya kawaida, askari akipigwa anaondolewa mezani, na hakuna anayemlilia kwa kuwa hana jina. Sasa wachezaji walikuwa wanamwongoza mtu mmoja mwenye jina, na hawakutaka afe kwa dadu moja mbaya. Wakampa uimara wa meli. Kila mara simu inapokwambia HP zako zimebaki chache, anayehesabiwa hapo kwa asili yake ni manowari.

Tawi hili la hesabu lilikuwa na fujo zake. Neno ‘level’ lilimaanisha ukomavu wa mhusika, kina cha handaki chini ya ardhi, uzito wa uchawi na ukali wa zimwi, vyote kwa pamoja. Gygax alikiri tatizo hilo katika kitabu cha wachezaji cha 1978, akaeleza kwamba waliwahi kufikiria kuligawa katika majina tofauti, kisha wakaliacha lilivyo kwa sababu watu walishalizoea. Na kuna THAC0. Katika matoleo ya zamani, kadiri namba ya silaha za kujikinga ilivyokuwa ndogo ndivyo ulivyokuwa salama zaidi, hadi chini ya sifuri. Ukitaka kumpiga adui ulichukua THAC0 yako, tuseme 17, ukatoa kinga yake, tuseme 4, ukapata 13: hiyo ndiyo dadu unayoihitaji. Kinga yake ikiwa hasi 2, kutoa hasi ni kuongeza, kwa hiyo unahitaji 19. Toleo la 2000 lilifuta mambo hayo. Bado wapo wazee wanaoiimba THAC0 kama wimbo wa ujana wao. Mimi nasema ilistahili kufa, maana hesabu inayomfanya mtoto wa shule akimbie meza haina utamaduni wa kulindwa.

Tuje kwenye tawi la pili, ambako maneno yananoga.

Tuanze na ‘munchkin’. Jina limetoka kwenye The Wonderful Wizard of Oz, kitabu cha L. Frank Baum cha 1900, ambamo ni watu wafupi wa nchi ya kubuni. Wachezaji wakubwa walilitumia kuwacheka wadogo waliovamia mchezo wao: vijana waliotaka upanga mkubwa kuliko wote, ngazi ya juu kuliko wote, na ushindi kila usiku katika mchezo usio na mshindi. Polepole umri ukatoka kwenye maana. Leo munchkin anaweza kuwa na mvi. Ni mtu yeyote anayewasaka wenzake kana kwamba ni wapinzani wake, akikusanya nguvu za kujionyesha huku hadithi ikimsubiri. Kampuni ya Steve Jackson ilitoa mchezo wa karata kwa jina hilo mwaka 2001, ambao unamruhusu kila mtu kuwa munchkin waziwazi, nao ukauzwa vizuri sana. Inaelekea watu walikuwa wanasubiri ruhusa.

Anayemlea munchkin naye ana jina. Ni mwendeshaji wa aina ya ‘Monty Haul’, mzaha juu ya Monty Hall, mtangazaji wa kipindi cha televisheni cha Let’s Make a Deal alimogawa zawadi kwa watazamaji walioshiriki. Kila handaki lina sanduku la dhahabu, kila mfu ana pete ya ajabu. Wachezaji hufurahi kwa wiki mbili tatu, kisha mchezo unachacha, kwa sababu hakuna cha kutamani kilichobaki. Mzazi yeyote anaijua hali hiyo.

Halafu kuna ‘rules lawyer’, wakili wa kanuni. Huyu amekariri kitabu. Mwenzake anakaribia kufa, mwendeshaji anasimulia kwa hisia, meza imenyamaza, naye anainua kidole: samahani, ukurasa fulani unasema moshi hauzuii mishale. Pengine ana haki. Ndilo linaloudhi. Neno hili halimshutumu kwa uongo, linamshutumu kwa kutojua wakati wa kusema kweli. Nimewaza ni vikao vingapi vya mtaa, vya harusi na vya vyama vya siasa ambavyo vingefaidika na jina kama hilo la kumtajia mtu bila kumtukana.

‘Murderhobo’ ni mhusika asiye na kwao, ndugu wala mke, anayeingia kijijini, kuua, kupora na kuondoka kabla ya alfajiri. Wachezaji wenyewe ndio waliolitunga neno hili, kwa kujicheka, baada ya kuona kwamba mashujaa wao wakitazamwa na mwanakijiji hawana tofauti na majambazi. Na mwendeshaji naye hasalimiki. Akiipanga hadithi hadi mwisho na kuwaburuza watu humo, hushtakiwa kwa ‘railroading’. Mkigeuka kushoto daraja limevunjika. Mkienda kulia kuna walinzi mia. Mkikaa tu, paa linaungua. Njia ni moja na treni ni yake.

Tazama maneno hayo yanafanya nini. Hakuna hata moja linalohesabu kitu. Yote ni majina ya makosa ya mtu dhidi ya mwenzake: uroho, ukarimu wa kijinga, ubishi, ukatili usiofikiriwa, udikteta. Mwanasosholojia Gary Alan Fine, aliyewafuatilia wachezaji wa eneo la Minneapolis na kuchapisha Shared Fantasy mwaka 1983, alieleza kwamba kila aliyeketi pale anaishi katika tabaka tatu kwa wakati mmoja: ni mtu mwenye kazi na familia, ni mchezaji anayejua kanuni, na ni mhusika ndani ya handaki. Misimu ya mezani hulinda mipaka ya tabaka hizo. Mchezaji aliyesoma kitabu anajua kwamba zimwi fulani huogopa moto. Mhusika wake, mkulima aliyetoka kijijini jana, hajui. Akiwasha mwenge bila sababu, wenzake watasema anafanya ‘metagaming’, na atajisikia aibu ileile ya mtu aliyechungulia karata za mwenzake.

Kwa kuwa ni watu wanaojicheka, hadithi yao maarufu kuliko zote inamhusu mtu aliyeshindwa na neno la kawaida kabisa. Imesimuliwa na Richard Aronson na kuzunguka kwa miongo. Mchezaji aitwaye Eric anaambiwa na mwendeshaji wake kwamba mbele, kwenye bustani, kuna ‘gazebo’, yaani kibanda cha kupumzikia chenye paa na nguzo. Eric halijui neno hilo. Anauliza rangi yake: nyeupe. Umbali wake? Anatajiwa. Anapima kwa upanga wake wa ajabu kama kitu hicho ni chema au kiovu. Anakiita, hakijibu. Anakitupia mshale, unanasa humo, na kwa mshangao wake hakionyeshi maumivu. Mwendeshaji anajaribu kumweleza, hasikilizwi, uvumilivu unamwisha, na Eric anapoamua kukimbia anaambiwa amechelewa: amekiamsha kile kibanda, kinamkamata na kumla. Kijana aliyejua majina ya majoka ya kila rangi aliliwa na kibanda cha kunywea chai.

Watu wa nje waliposikia lugha hii hawakucheka. Marekani ya miaka ya 1980 ilishikwa na hofu kwamba mchezo huu unawafundisha vijana kuabudu shetani, na maneno yake yakasomwa kama siri za waganga. Wachapishaji wakaogopa. Toleo la 1989 liliondoa neno ‘demon’ na neno ‘devil’, na muda mfupi baadaye viumbe walewale wakarudi kwa majina ya kubuni, tanar’ri na baatezu. Hakuna aliyedanganyika. Mezani watu waliendelea kusema demoni na ibilisi kama kawaida, na toleo la 2000 likawarudishia rasmi. Kabla ya hapo mawakili walishapita pia: wenye haki za kazi za Tolkien walipolalamika, hobbit akawa halfling kwenye kurasa za mchezo. Badiliko la tatu lilitoka kwa dhamiri. Neno ‘race’, lililotumika tangu mwanzo kutofautisha binadamu na vijeba, limeachwa. Kitabu cha wachezaji cha 2024 kinasema ‘species’. Wapo waliolalamika kwamba ni siasa. Mimi naona lilichelewa, hasa ukikumbuka kwamba kanuni za awali ziliambatanisha akili na tabia na asili ya mtu kama jambo la kuzaliwa nalo.

Na adabu iliendelea kutunga. Miaka ya karibuni meza nyingi huanza na ‘session zero’, kikao cha awali ambamo hakichezwi chochote: watu huulizana wanataka hadithi ya aina gani na mambo yapi hawataki kuyasikia. John Stavropoulos alianzisha kadi yenye herufi X inayowekwa katikati ya meza. Yeyote akiigusa, jambo linalosimuliwa linaachwa, na haulizwi sababu. Kuna pia ‘bleed’, neno la Emily Care Boss, kwa ajili ya hisia zinazovuja kutoka kwa mhusika hadi kwa mtu mwenyewe: umemwigiza mfiwa, unarudi nyumbani na kifua kizito. Wapinzani wanasema mambo haya yamewafanya watu walegevu. Lakini mtu aliyefiwa na mtoto mwezi uliopita hapaswi kueleza msiba wake kwa watu watano ili hadithi ya mtoto aliyezama ikatishwe. Kadi inamtosha.

Sasa tuulize ni nini kilichosafiri. Kompyuta zilikuwa za kwanza kubeba. Mwaka mmoja tu baada ya sanduku lile kutoka, tayari wanafunzi wa Marekani walikuwa wameiga mchezo kwenye mtandao wa kompyuta za elimu ulioitwa PLATO. Ikafuata Rogue mwaka 1980, Wizardry 1981, kisha Dragon Quest ya Japani 1986, na kutoka hapo mto ukatiririka hadi kwenye simu ya kijana wetu. Mashine iliweza kuhesabu pointi za uhai. Iliweza kupandisha ngazi. Haikuweza kumwambia mchezaji kwamba ni munchkin, kwa sababu mashine haichoshwi na mtu. Kinyume chake, ilimjengea munchkin makao, ikamuuzia hata upanga kwa fedha halisi. Haikuweza pia kushtakiwa kwa ‘railroading’, maana kila njia yake ni reli. Kisha kampuni za kila aina zikaona jinsi pointi na ngazi zinavyomfunga mtu, na sasa programu ya kujifunza lugha na ya kukimbia asubuhi zote zinakupandisha levo. Ni leja ya Lake Geneva inayoendelea kujazwa bila meza na bila wenzako.

Mfano mbaya kuliko yote ni NPC. Mezani ni mhusika yeyote asiyechezwa na mchezaji: muuza samaki, mlinzi wa lango, malkia. Anayemsemea ni mwendeshaji. Mwaka 2018 neno hili liligeuzwa kuwa tusi la kisiasa katika mitandao ya Marekani, picha ya uso wa kijivu usio na mawazo, kwa maana kwamba wapinzani wako si watu kamili, wanarudia walichopangiwa. Limefika kwetu pia. Mtu akiwa na maoni ya kawaida, au kazi ya kawaida, au akipita tu barabarani nyuma ya kamera ya mwenzake, ni NPC.

Tusi hilo limetoka kwenye mashine, ambako muuza duka hurudia sentensi moja hadi mwisho wa dunia. Halikutoka mezani. Mezani NPC ndiye anayemtoa mwendeshaji jasho kuliko zimwi lolote. Amepanga vita vikubwa vya usiku ule, wachezaji wake wanapita sokoni, wanamsimamisha kijeba mdogo aliyekuwa anafagia, na wanataka kujua anaitwa nani. Hajamwandalia jina. Anabuni moja papo hapo, wanalipenda, wanamuuliza mama yake yuko wapi, na wiki tatu baadaye wanaahirisha kumuokoa mfalme ili wakamtafutie yule mfagiaji dawa ya mguu. Kila mwendeshaji ana kisa cha namna hii.

Nakubali kwamba lugha hii huwafukuza wageni, na wapo wanaoitumia kwa makusudi hayo. Kijana anayeingia na kusikia TPK, AC, DC na d20 ndani ya dakika moja ana kila sababu ya kurudi nyumbani. Hilo ni kosa la wenyeji, na dawa yake ni mtu wa kumweleza mgeni: TPK ni kundi zima kufa usiku mmoja, AC ni kinga, DC ni namba ya kufikiwa, d20 ni dadu yenye pande 20. Imechukua sentensi moja.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaopenda kuwaita wenzao NPC. Tafuteni marafiki watatu na jioni moja, na aliye hodari wa tusi hilo ndiye awe mwendeshaji. Wenzake waingie kijijini waanze kuuliza majina, naye awajibu kila mmoja kama mtu. Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons ziko mtandaoni bila malipo, na tangu Januari 2023 ziko chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo mnaruhusiwa kuzinakili, kuzitafsiri na hata kuuza mtakachokitengeneza. Cha kununua ni dadu tu.